Kuotesha haibiskasi ya kudumu ndani ya nyumba wakati nje kuna theluji

Mbegu yenyewe ni kiduara cha rangi ya kahawia iliyokolea, ndogo kuliko mbegu ya bamia. Ibane kati ya kucha mbili uone: haibonyei hata kidogo. Ugumu huo ndio uliozika mbegu zangu 30 mwaka wa kwanza. Nilizifukia kavu kavu kwenye vikombe vya udongo, nikaviweka dirishani, nikamwagilia kila asubuhi kwa wiki sita. Zikaota mbili. Mwaka uliofuata nilizifungua maganda kabla ya kuzisia, na kati ya mbegu 20 zikaota 17. Kwa hiyo nitakaa sana hapo kwenye ganda, mengine nitayapitia haraka.

Kwanza tuelewane ni haibiskasi ipi. Mimi nimezaliwa Muheza, na sisi haibiskasi ni ua la uani, lile jekundu la kwenye michongoma: unakata kijiti wakati wa masika, unakichomeka ardhini, basi. Ile haivumilii sakitu. Huku ninakoishi, Columbus, Ohio, ukiiacha nje usiku mmoja wa Novemba, asubuhi majani yamekuwa meusi. Ninayoisema mimi ni ya Marekani yenyewe. Kwenye pakiti tafuta jina la kitaalamu, Hibiscus moscheutos. Ni mmea wa mabwawani. Nimeuona umejiotea wenyewe kwenye tope kandokando ya Ziwa Erie, umechanua mwezi wa Agosti. Baridi ikija shina hufa lote mpaka usawa wa ardhi, mizizi inabaki hai chini, na mwaka unaofuata unachipua upya. Ua ni kubwa kama sahani: moja la kwangu nililipima, sentimita 22. Linadumu siku moja tu, ila mmea uliokomaa unafungua mengine kila kukicha kwa wiki nyingi. Ukilitazama vizuri, lina petali tano na doa jekundu lililoiva katikati, utamkumbuka ndugu yake bamia, na choya pia. Wote ni ukoo mmoja.

Mbegu nilipewa na jirani yangu, mama wa Uvira, Kongo, aliyekuwa na mmea mmoja karibu na bomba la maji ya mvua. Ukipata nafasi hiyo, subiri Oktoba, vifuko vikauke na kuanza kupasuka, kisha uzichambue juu ya karatasi nyeupe. Angalia kwa makini zilizobunguliwa. Kuna fukusi wadogo wanaotaga ndani ya kifuko, na mbegu waliyoila huwa na tundu duara upande mmoja. Hizo tupa. Nyingine zianike ndani ya nyumba wiki mbili, zitie kwenye chupa kavu, uiweke kwenye friza siku chache ili wadudu waliojificha wafe. Na ujue kwamba mbegu ya mmea chotara haitoi nakala ya mama yake. Mama ni mweupe, watoto wanaweza kutoka wa waridi au wekundu. Mimi hilo napenda.

Sasa ganda. Nakaa mezani, taa karibu, na kikata kucha. Kila mbegu ina upande wenye kijishimo kidogo, kama kitovu. Hapo ndipo iliposhikana na kifuko, na mzizi hutokea jirani na hapo. Usipaguse. Igeuze, ushike upande wa pili, na ukate kipande kidogo mno cha ganda, mpaka uone nukta nyeupe ndogo kama ncha ya sindano. Ukishaiona, acha hapo hapo. Ukikata zaidi unajeruhi kiini, na mbegu iliyojeruhiwa inaoza badala ya kuota. Mkono ukitetemeka, tumia msasa: weka mbegu kati ya vipande viwili vya msasa laini, sugua kidogo, angalia, sugua tena, mpaka ganda lipauke upande mmoja. Kazi ya mbegu 20 inanichukua kama nusu saa. Wapo wanaozimwagia maji yanayochemka. Mimi siipendi njia hiyo, kwa sababu huoni unachofanya, na kilichoungua huwezi kukirudisha.

Ukimaliza, zitie kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto, zilale humo usiku mmoja. Asubuhi zilizofunguka vizuri zimenenepa karibu mara mbili. Ambayo haijabadilika, irudishe kwenye kikata kucha. Utaambiwa utupe zinazoelea. Usitupe. Huu ni mmea wa bwawani, mbegu zake husafiri juu ya maji, kwa hiyo nzima kabisa inaweza kuelea. Ila usizidishe saa 24 majini. Mwaka mmoja nilizisahau siku tatu kwa ajili ya zamu za kazini, na zote zikaanza kunuka.

Na friji? Watu wengi huziweka kwenye tishu mbichi ndani ya friji wiki kadhaa ili zidhani zimepita majira ya baridi. Nilijaribu: nusu zilikaa friji wiki sita, nusu hazikukaa, zote nikazikata ganda. Ziliota sawasawa. Tangu hapo friji nimeiacha.

Tarehe uihesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Hapa Columbus mimi sitoi miche nje kabla ya katikati ya Mei. Miche inataka wiki 10 hadi 12 ndani, kwa hiyo nasia wiki ya tatu ya Februari. Ukisia mapema hivyo, mingine inachanua mwaka huo huo, mwishoni mwa Agosti. Ukichelewa hadi Aprili itaota vizuri tu, lakini maua utayasubiri mwaka ujao.

Natumia vikombe vya mtindi nilivyovitoboa chini, na udongo mwepesi wa kuoteshea mbegu, ule wa dukani. Udongo wa bustani uache nje. Unashikana kama tofali na unakuja na magonjwa. Ulowanishe kwanza mpaka ukiukamua kwenye kiganja unatoa tone moja au mawili. Mbegu mbili kila kikombe, kina cha nusu sentimita mpaka sentimita moja. Halafu funika kwa mfuko wa plastiki.

Kinachofuata ni joto, na hapa watu wengi wa huku wanakosea, maana nyumba wakati wa baridi tunaiweka nyuzi 20 hivi kuokoa bili. Kwetu sisi hiyo inatosha, kwa mbegu hii ni baridi. Inataka udongo wenye nyuzi 25 hadi 28. Dirishani ndiyo mbaya kuliko kote, kwa sababu usiku kioo kinatoa baridi moja kwa moja. Mimi nina mkeka wa umeme wa kuoteshea mbegu, na nimechomeka kipimajoto cha jikoni kwenye kikombe kimoja. Kabla sijaununua nilikuwa naweka trei juu ya friji, upande wa nyuma unaotoa joto, na zilikuwa zinaota, ila polepole. Kwenye mkeka, siku ya tano au ya sita unaona udongo umeinuka kama umepumuliwa kutoka chini, kisha kishingo cheupe kilichopinda, kisha majani mawili ya kwanza ya mviringo, pengine moja bado limevaa ganda kichwani. Ganda likigoma kutoka, lidondoshee maji, subiri saa moja, uliteleze kwa vidole. Kwa nguvu utakata kichwa. Baada ya wiki mbili, nyingi zinakuwa zimeshaota, zilizobaki zipe mwezi mzima kabla hujakata tamaa.

Siku ile ile unapoona mche wa kwanza, ondoa plastiki. Mwaka wa pili niliiacha siku tatu zaidi, na kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha shina la mche, kikapita: miche mitano ilikuwa imesimama jioni, asubuhi imelala, shina limekuwa jembamba kama uzi pale linapogusa udongo. Hakuna dawa ya kuiinua tena. Mwagilia kwa chini, mimina maji kwenye trei, udongo unywe nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Udongo usikauke kabisa, huu si mmea wa kiu.

Mwanga wa dirisha la Februari hautoshi, miche inarefuka na kulegea. Taa ya kawaida ya tyubu au ya ledi inafaa, ining'inie sentimita 8 hivi juu ya majani, saa 15 kwa siku, na uipandishe miche inavyokua. Ikipata majani halisi manne, ihamishie kwenye vyungu vya sentimita 10, mmoja mmoja. Ikifika urefu wa kiganja, kata ncha ya juu. Mkono unasita, najua, lakini itatoa matawi mawili matatu badala ya kijiti kimoja.

Mei, izoeshe nje pole pole: saa moja kivulini siku ya kwanza, ongeza kila siku kwa siku 10, na usiku iwe ndani. Kisha panda mahali panapopata jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, udongo unaoshika maji, mita moja kati ya mche na mche.

Mwaka wa kwanza baada ya kupanda, mwezi wa Mei, kila kitu bustanini kilikuwa kimeshakuwa kijani isipokuwa hizi. Palikuwa na vijiti vikavu tu. Nikachukua jembe nikaanza kung'oa, na mmoja ulikuwa umeshatoka ardhini wakati yule mama wa Uvira alipopita. Akaniambia, "Ngoja, mama, fukua kwa vidole kwanza." Nikafukua kwenye wa pili. Sentimita tatu chini kulikuwa na machipukizi manne, meupe yenye ncha nyekundu, manene kama kidole cha mtoto. Nikaurudisha ule niliong'oa, nikaumwagia ndoo nzima ya maji, na uliishi. Sasa vijiti vikavu sivikati vuli. Navikata masika nikiacha urefu wa kiganja, nijue mizizi iko wapi, na jembe halikaribii hapo mpaka Juni.