Kabla hujaposti: jinsi ya kuiweka saiti ya biashara yako mbali na fitina, matusi na kesi

Mimi kazi yangu ni kutengeneza na kutunza saiti za biashara hapa Mombasa, maduka ya leso, watu wa tours, mikahawa, wenye nyumba za kupangisha watalii huko Nyali na Bamburi, na kabla hatujaanza nataka jambo moja lieleweke. Kinacholeta balaa kwenye saiti mara nyingi si mwenye biashara kukaa kitako akaandika tusi, la, ni kitu kilichopita bila mtu kukitazama: picha ya mtu ambaye hakuulizwa, maneno yaliyokopiwa mahali, komenti iloingia usiku, tangazo lililojileta lenyewe. Na anayeumia kwanza ni yule alopigwa picha ama alotajwa, wewe mwenye saiti unafuata baadaye. Kwa hivyo hatua zangu zote zinaanza na yeye.

Hatua ya 1: Isome saiti yako kama mgeni

Toka kwenye akaunti yako, chukua simu, fungua saiti usome kila ukurasa mpaka ule wa ofa ya mwaka juzi uliousahau. Soma na maneno madogo chini ya picha. Ukisoma uwe unaandika kwenye daftari ama Excel: ukurasa gani, nani anaonekana ama anatajwa, ruhusa yake iko wapi, nini kifanyike. Ni kazi ya kuchosha lakini hakuna njia ya mkato.

Halafu nenda Google uandike site: ukiunganisha na jina la saiti yako bila kuacha nafasi, utaletewa kurasa zako ambazo Google inazijua. Ukiona humo kurasa za kubeti, za vidonge vya nguvu, ama maandishi ya Kijapani ambayo hukuyaweka wewe, basi ushaingiliwa na wahuni, na hii inatokea sana kwa saiti za WordPress (ile programu ya kutengenezea saiti) zenye plagini, yaani viongezo, za zamani ama themu, yaani mapambo ya saiti, za wizi zilizopakuliwa bure. Badilisha pasiwedi zote, futa watumiaji usiowajua, sasisha kila kitu, waambie watu wa hosting, wale wanaoihifadhi saiti yako, wakusaidie kusafisha, kisha angalia sehemu ya usalama kwenye Search Console, kifaa cha Google cha wenye saiti, mpaka onyo liondoke. Duka la mtu mwenye heshima zake linaweza kuwa linatangaza uchafu kwa miezi na mwenyewe hajui, manake ukurasa wa mbele uko sawa tu.

Hatua ya 2: Picha za watu

Hapa ndo pana kazi kubwa. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inamlinda mtu hata kwa sura yake, na si mchezo: mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga klabu moja faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila wazazi kukubali. Lakini hata faini isingekuwepo, mama wa watu anapita zake Mji wa Kale na buibui lake anaenda msibani, wewe unamgeuza pambo la kuuza safari zako, hapo umemfanyia haki kweli?

Ninavyofanya mimi ni hivi. Picha ikishapigwa, mtumie mtu picha yenyewe kwa WhatsApp, si maelezo ya picha, picha yenyewe aione, na chini yake andika kitu kama hiki:

"Assalam aleikum dada, hii ndo picha tulokupiga dukani. Tunaomba kuiweka kwenye saiti ya duka, ukurasa wa mitandio. Ukikubali tujibu NDIO. Na siku yoyote ukibadilisha nia tuambie, tutaitoa."

Jibu likija piga skrinshoti, ihifadhi kwa jina lilelile la faili ya picha ili hata mfanyakazi mpya akija aione. Hiyo sentensi ya mwisho usiifute, sheria inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote. Asipojibu, kimya si ndio. Mtoto hakubali mwenyewe, anakubali mzazi ama mlezi wake, na wale watoto wanaochezea maji pale ufuo wa Pirates siku ya Idd usiwaweke kabisa maana mzazi hutampata.

Angalia na waliokaa nyuma. Umepiga sahani ya biriani imetoka vizuri, achari pembeni, lakini nyuma yake meza ya pili kuna wawili sura zao zaonekana wazi, na huenda hawakutaka kujulikana wako hapo. Kata picha ama tia ukungu.

Wenye maduka ya leso nina neno lenu la ziada. Nyote mwajua jina la leso, yale maneno yalochapwa juu yake, linasomwa kama limesemwa na aliyeivaa. Ukimvisha binti wa mtaani leso ya "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu", ukaweka sura yake na jina linasomeka, kesho mtaa mzima unauliza anamlenga nani, na ikiwa kaachika karibuni basi umemuwashia moto yeye na familia mbili. Leso za mafumbo makali zikunjeni mzipige picha mezani, jina lionekane, sura isiwepo. Zile za mapenzi ya mama na za dua hata akivaa mtu hakuna neno.

Hatua ya 3: Maneno kuhusu watu na mahali pao

Watu wa tours wanapenda kukopi maelezo kutoka saiti za nje, na humo ndo munatoka maneno kama "msitu wa wachawi" kuhusu kaya. Hili linaniuma. Kaya za Wamijikenda ni mahali pa ibada na pa kuzika wazee, kadhaa kati yake zimo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008, na huku kwetu Pwani, Kilifi hasa na Kwale, wazee wameuliwa kwa kushukiwa uchawi tu, mwengine hana kosa ila mvi. Sasa wewe ukiandika njoo uone wachawi kwa dola kadhaa, unaongezea nguvu maneno yaleyale yanayomtia mzee hatarini nyumbani kwake. Andika ukweli: kaya ni mahali patakatifu, watu huingia kwa idhini ya wazee na muongozaji wa palepale, mavazi na picha ni kwa masharti yao. Kisha mpe mzee ama muongozaji asome kabla hujaposti, na kama hasomi msomee wewe kwa sauti.

Makabila nayo. Sheria ya uwiano na utangamano ya 2008, ilotungwa baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, kwa maneno ya chuki inaweka faini isiyozidi shilingi milioni moja, ama kifungo kisichozidi miaka mitatu, ama vyote. Mwaka 2022 tume ya NCIC, ile ya uwiano na utangamano, ilitoa orodha ya maneno ya kuchunga, yakiwemo madoadoa na kwekwe, manake hutumiwa kuwasema watu wa makabila mengine. Duka la pembejeo likiuza dawa ya kuua kwekwe shambani halina kosa, lakini neno hilohilo kwenye tangazo lenye picha ya mwanasiasa lishakuwa jambo jengine. Na nyinyi wenye nyumba, hayo matangazo ya "wapangaji wawe wapwani tu" ama "wabara hatuwataki" yatoeni leo, ubaguzi wa kikabila nao umekatazwa na sheria hiyohiyo. Ukitaka utulivu andika saa za kutopiga kelele na idadi ya wageni, hayo ni masharti ya haki kwa kila mtu.

Siasa nitaipita haraka: uchaguzi mwengine ni 2027, usiruhusu mtu aweke rangi za chama wala picha ya mgombea kwenye saiti ya duka, hata kama ndiye alokata utepe siku ya ufunguzi.

Hatua ya 4: Dini na ahadi za dawa

Aya za Qurani na za Biblia usizitie juu ya bei wala kwenye bango la ofa. Ofa ya futari isikae ukurasa mmoja na picha za pombe, kama hoteli yauza vyote tenganisha kurasa. Ndani ya msikiti, kanisa ama hekalu omba ruhusa, na wanaoswali usiwapige.

Kwa wauza haba soda, asali na mafuta: ondoa neno "inaponya". Kuna mtu atasoma saiti yako aache dawa yake ya sukari. Andika ni kitu gani, kimetoka wapi, kinatumiwaje jikoni ama mwilini, na umwambie mwenye ugonjwa asiache dawa bila daktari wake.

Hatua ya 5: Komenti na matangazo yanayojileta

Kwenye WordPress nenda mipangilio ya mjadala (Settings, kisha Discussion), weka tiki pale komenti inapotakiwa ikubaliwe na wewe kwanza. Chini yake kuna boksi la maneno, komenti yenye neno mojawapo inazuiliwa. Lakini chunga sana, boksi hilo linatafuta hata katikati ya neno, na Kiswahili ndo hivyo tena, ukiandika "tako" utamzuia mpaka mteja aloandika "nitakodi gari siku tatu". Weka maneno marefu, na ile foleni ya waliozuiliwa uipitie kila siku. Mteja alolalamika chakula kilikuja baridi usimfute, huyo amesema shida yake, mjibu. Anayetukana kabila la mpishi ndo wa kuondoa.

Ukitumia AdSense, ile huduma ya Google ya kuweka matangazo kwenye saiti, ingia sehemu ya kuzuia matangazo ufunge makundi yasokufaa, siasa, dini, kutafuta wachumba, halafu jitazamie saiti kwa simu ya mtu mwengine maana matangazo hubadilika kulingana na anayeangalia.

Hatua ya 6: Mtu akilalamika

Weka namba ya simu ama WhatsApp ya malalamiko chini ya kila ukurasa, ijibiwe na mtu. Akija aliyeumia, piga skrinshoti ya ukurasa kwa kumbukumbu, kisha kitoe kitu hicho kwanza halafu ndo mzungumze kama ana haki ama hana. Usimwambie "lakini ni picha nzuri". Ukishatoa, futa na faili yenyewe kwenye maktaba ya picha, kwa sababu ukurasa ukiondoka picha hubaki na linki yake, kisha tumia kile kifaa cha Google cha kuondoa yaliyopitwa na wakati ili isiendelee kutokea kwenye utafutaji. Pitia Facebook na Instagram za duka, mara nyingi picha hiyohiyo iko huko. Ukimaliza mtumie mwenyewe linki zote moja moja ajionee kuwa hazifunguki.