Namna ya Kulinganisha Nyambizi za Mataifa Yaliyopigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Kabla ya kuandika takwimu yoyote katika jedwali lako, andika kazi ambayo nyambizi iliundwa kuifanya na bahari ambamo ilitarajiwa kuifanyia, kwa sababu wahandisi wa kila taifa walikuwa wakijibu swali tofauti. Ujerumani ilitaka kukata njia za meli za mizigo zilizoilisha Uingereza kupitia Atlantiki, hivyo ikaunda kwa mamia nyambizi za aina ya VIIC, zenye tani 769 tu zinapokuwa juu ya maji, ambazo zingeweza kutengenezwa upesi na kuwinda kwa makundi. Japani ilitazamia pambano kubwa la manowari katika Pasifiki, na nyambizi zake za aina ya B1, zilizozidi tani 2,000, ziliundwa kutangulia mbele ya kikosi zikipeleleza. Ziliundwa hata na nafasi ya ndege ndogo ya kutua majini. Marekani ilikuwa na safari ndefu kutoka Hawaii, kwa hiyo aina yake ya Gato, ya tani 1,500 na ushei, ilipangiwa doria ya siku 75 na kupewa mitambo ya kupoza hewa. Mitambo hiyo isihesabiwe kuwa anasa: iliondoa unyevu uliokuwa ukiharibu vifaa vya umeme katika bahari za joto.

Hatua ya pili ni kufunga tarehe. VIIC ya mwaka 1941 na VIIC ya mwaka 1943 ni chombo kile kile kwenye karatasi, lakini katika Mei 1943 pekee Ujerumani ilipoteza nyambizi 41, na tarehe 24 mwezi huo Amiri Karl Dönitz akaziondoa zilizobaki katika Atlantiki ya Kaskazini. Kilichobadilika kilikuwa upande wa pili: ndege za masafa marefu, rada za mawimbi mafupi ambazo vipokezi vya Wajerumani havikuweza kuzinasa, na usomaji wa ujumbe wao wa siri. Usilinganishe nyambizi mbili bila kumwandika mwindaji wa kila moja katika mwaka husika.

Ukishafika kwenye takwimu, tenganisha daima mwendo wa juu ya maji na mwendo wa chini ya maji, na hapa ndipo ningemshauri msomaji akae kwa muda mrefu zaidi. Juu ya maji VIIC ilikwenda maili za bahari 17.7 kwa saa, Gato 21 na B1 23.5, na mtu angeweza kusema kwamba Japani imeshinda. Chini ya maji, ambako injini za dizeli hazikuwa na hewa na chombo kilitegemea betri, zote tatu zilikuwa kati ya maili 7.6 na 9, na mwendo huo ulimaliza betri kwa muda mfupi. VIIC iliweza kwenda maili 80 hivi tu ikiwa itajizuia kwenye maili 4 kwa saa. Kwa hakika vilikuwa vyombo vya juu ya maji vyenye uwezo wa kupiga mbizi kwa saa kadhaa. Ndiyo maana aina ya XXI ya Wajerumani, iliyokuwa na betri nyingi zaidi na umbo laini lililopunguza ukinzani wa maji, inastahili safu yake peke yake: ilifikia maili 17.2 kwa saa ikiwa chini kabisa. Hata hivyo, kati ya 118 zilizokamilishwa, mbili tu ndizo zilizotoka kwenda doria ya vita kabla ya Ujerumani kusalimu amri.

Masafa nayo yaandikwe pamoja na mwendo uliotumika kuyapima. Maili 8,500 za VIIC na 11,000 za Gato zilipimwa kwa maili 10 kwa saa, ilhali 14,000 za B1 zilipimwa kwa maili 16. Kuhusu kina, angalia kama mwandishi ametaja kina kilichoruhusiwa na jeshi au kina kilichokadiriwa kupasua bodi ya chombo. Mita 90 za Gato ni za aina ya kwanza; nyingi za takwimu kubwa za Wajerumani ni za aina ya pili, ingawa ni kweli kwamba walipiga mbizi chini zaidi.

Kisha chunguza topido kama chombo kinachojitegemea, kwa kuwa nyambizi bora yenye topido mbovu haina thamani vitani. Topido ya Japani ya aina ya 95 ilitumia oksijeni, ikaenda karibu maili 50 kwa saa bila kuacha mkondo wa mapovu unaoonekana wazi. Tarehe 15 Septemba 1942 nyambizi I-19 ilifyatua sita, zikaiangamiza Wasp, manowari ya kubebea ndege, na kuzijeruhi manowari nyingine mbili za Marekani, North Carolina na O'Brien. Mark 14 ya Marekani, kinyume chake, ilikuwa na kasoro tatu zilizofichana. Majaribio ya kufyatua topido kupitia wavu, yaliyofanyika Australia mwezi Juni 1942, yalionyesha kwamba ilipita mita tatu hivi chini ya kina kilichowekwa. Baadaye ikagunduliwa kwamba kilipuzi chake cha sumaku hakitegemeki, na kwamba pini ya kuilipua ilipinda ilipogonga ubavu wa meli moja kwa moja. Mwezi Julai 1943 nyambizi ya Marekani Tinosa ilifyatua topido 15 kuelekea meli ya Japani Tonan Maru Na. 3, nyingi zikagonga bila kulipuka, na nahodha akabaki na moja ili irudishwe kuchunguzwa. Wajerumani walikuwa wamepatwa na balaa kama hilo karibu na Norwe mwezi Aprili 1940. Jedwali lisilotaja mambo haya litakupotosha kuhusu miaka miwili mizima ya vita.

Andika pia rada: ile iliyoitwa SJ, iliyoanza kufungwa katika nyambizi za Marekani mwaka 1942, iliziwezesha kushambulia usiku. Japani ilichelewa sana katika jambo hilo.

Mwisho, jaribu safu zako zote kwa tukio moja halisi. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldivi, I-27 ya aina ya B1 iliuvamia msafara uliotoka Kilindini na kuizamisha Khedive Ismail, meli iliyobeba askari, kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwemo askari wengi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Katika safu ya silaha, topido zilifanya kazi yao. Katika safu ya uimara, bodi ilistahimili mabomu ya kina (yanayolipuka ndani ya maji), kugongwa na manowari ya Uingereza Paladin na makombora ya mizinga, mpaka manowari mwenzake Petard ilipoimaliza kwa topido. Katika safu ya mwendo wa chini ya maji, ambako I-27 ilikuwa na maili 8 kwa saa mbele ya manowari mbili zilizoweza kuzidi maili 30, haikuwa na njia ya kukimbia.