Perikope: maana yake, ilikotoka na namna ya kuiandaa kabla ya kupanda mimbarini

Ukikabidhiwa karatasi iliyoandikwa "Mdo 10:34a, 37-43" (Mdo ni Matendo ya Mitume), umekabidhiwa perikope, yaani kifungu cha Maandiko kilichotengwa kisomwe peke yake ibadani. Waumini wengi wa Dodoma hukiita tu "somo". Neno perikope ni la Kigiriki: peri ni kuzunguka, na koptein ni kukata. Kwa hiyo ni kipande kilichokatwa pande zote, na kazi ya kwanza ya msomaji ni kujua kimekatwa wapi.

Mwanzoni hapakuwa na mipaka ya kudumu. Mnamo mwaka 155 hivi, Yustino Mfiadini, mwandishi Mkristo wa karne ya 2, aliandika kwamba Jumapili husomwa kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii kwa kadiri muda unavyoruhusu. Baadaye vifungu vikapangiwa siku zake, na wanakili wa Kigiriki wakaweka pembeni mwa ukurasa alama ya mwanzo na alama ya mwisho. Fanya vivyo hivyo kwa penseli.

Usitegemee namba za sura. Sura tunazotumia ni za karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya ilipewa namba na mchapaji Mfaransa Robert Estienne mwaka 1551. Ona wimbo wa Mtumishi anayeteseka: unaanzia Isaya 52:13 na kuishia 53:12. Anayeanza kusoma 53:1 kwa sababu sura imeanzia hapo anawanyima wasikilizaji mistari mitatu ya mwanzo, ambamo Mungu mwenyewe ndiye anayesema. Mwisho nao una uzito wake. Katika Luka 4, Yesu anasoma Isaya 61 na kufunga chuo (kitabu cha kukunja) baada ya mwaka wa Bwana uliokubaliwa, kabla ya maneno ya siku ya kisasi.

Sasa rudi kwenye karatasi yako. Kistari ni kusoma mfululizo, koma ni kuruka, na "34a" ni nusu ya kwanza tu ya mstari. Hapa Petro anafumbua kinywa, kisha unarukia 37. Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu mstari wa 37 unaendeleza sentensi iliyoanzia 36. Ukitumia Biblia ya kawaida badala ya Kitabu cha Masomo, ambamo vifungu vimeshakatwa tayari, andika maungio (pale 34a inapokutana na 37) kwenye karatasi na uyasome kwa sauti nyumbani mara tatu. Kama kifungu kinaanza na "naye akawaambia", muulize mchungaji, padre au katekista kama unaweza kumtaja mhusika kwa jina. Usiongeze maelezo mengine. Hayo ni ya mhubiri.

Katika mitaa na vigango vya Chamwino au Mpwapwa ambako somo hurudiwa kwa Kigogo, wasomaji wote wawili wakae pamoja kabla ya ibada na kuweka alama kwenye mistari ileile. Mmoja akipitiliza hadi 44, hadithi inafika kwenye kushuka kwa Roho katika lugha moja tu.

Kujua mwaka wa masomo ya ibada kwa Wakatoliki, na kwa makanisa mengine yanayofuata mzunguko wa miaka mitatu, gawa namba ya mwaka kwa 3. Kisipobaki kitu ni Mwaka C, wa Luka, yaani Injili inayosomwa zaidi mwaka huo. Ikibaki 1 ni A, wa Mathayo. Ikibaki 2 ni B, wa Marko. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio tumia namba ya mwaka unaofuata, maana mwaka wa Kanisa hausubiri Januari. Kosa la kutumia namba ya mwaka unaoisha huonekana kila Desemba.

Zaburi iangalie peke yake. Baadhi ya vitabu vya liturujia hufuata hesabu ya Kilatini, na Zaburi ya Bwana Mchungaji, ambayo ni ya 23 katika Biblia nyingi, huko ni ya 22. Linganisha maneno ya kwanza, si namba peke yake.