Katy Trail kwa siku nne, Sedalia hadi St. Charles (na namna ya kuokoa cheni yako)

Nilipomfikisha binamu yangu, mtoto wa Tabora, kwenye Katy Trail, njia ya baiskeli juu ya tuta la reli ya zamani hapa Missouri, Marekani, swali lake la kwanza lilikuwa: "Kaka, sasa reli yenyewe iko wapi?" Iling'olewa. Treni za kampuni ya Missouri–Kansas–Texas ziliacha kupita hapa mwaka 1986, tuta likamwagiwa mawe ya chokaa yaliyosagwa, na kipande cha kwanza cha njia ya baiskeli kikafunguliwa Rocheport mwaka 1990. Kisheria tuta limewekwa akiba tu. Reli ikihitajika inaweza kurudi. Njia nzima ni kama kilomita 386, Clinton hadi Machens. Haya ni maelekezo niliyomwandikia, nimeyanyoosha kidogo.

Hatua ya 1: Anzia Sedalia

Clinton haina treni ya abiria. Amtrak, treni ya abiria ya kati ya St. Louis na Kansas City, husimama Sedalia. Nafasi ya baiskeli iweke unapokata tiketi, usisubiri siku ya safari. Kisha elekea mashariki, kwa sababu huko unateremka kuufuata Mto Missouri. Hadi St. Charles ni kama kilomita 300.

Hatua ya 2: Baiskeli

Yoyote yenye tairi la upana wa milimita 38 kwenda juu. Mimi natumia 42. Chagua breki za diski. Zile za kubana rimu zinafanya kazi, ila vumbi la chokaa linakula rimu kama msasa.

Hatua ya 3: Cheni

Hapa nivumilie, maana mara ya kwanza palinigharimu nusu siku. Nilipaka oili nzito, tena kwa ukarimu, kama tulivyozoea kwenye Phoenix za nyumbani. Siku ya kwanza njia ilikuwa kavu, cheni ikajaa unga mweupe. Usiku mvua ikanyesha. Kati ya Rocheport na Hartsburg, kipande cha kama kilomita 40, ule unga uligeuka uji, na uji ukichanganyika na oili unasaga chuma. Gia zikaanza kuruka, halafu zikakwama kabisa. Nikaongeza oili. Hilo ndilo kosa kubwa zaidi. Nilifika Hartsburg nikisukuma.

Siku hizi nafanya hivi. Siku mbili kabla ya safari naosha cheni kwa mafuta ya taa, narudia mpaka mafuta yabaki safi, naikausha, kisha napaka nta ya cheni iliyo ya majimaji, tone moja kila kiungo, na kuiacha ilale usiku kucha. Ni kazi ya kuchosha, lakini nta haishiki vumbi kama oili. Ubaya wake, mvua huiondoa upesi, kwa hiyo beba kichupa. Ila usiipake juu ya uchafu! Mwagia kwanza maji ya chupa uji ukiwa bado mbichi, maana ukikauka unashika kama plasta. Mashine ya maji ya presha usiikaribie, inasukuma uchafu ndani ya beringi. Kama una madigadi, acha upenyo wa kidole kati yake na tairi, la sivyo uji utajaa humo na gurudumu litagoma. Na mvua ikinyesha usiku, kunywa chai, ondoka saa nne. Penye kivuli cha miti patakuwa bado pabichi, lakini pengine pote utapita.

Hatua ya 4: Malazi na maji

Lala Rocheport, Tebbetts na Marthasville. Chupa tatu za maji, na usitegemee duka katika vijiji vya katikati.

Hatua ya 5: Endesha

Treni haipandi mlima mkali, nawe hutaupanda. Kuna miinuko mirefu ya polepole kabla ya Boonville, basi. Karibu na Rocheport utapita handaki la mwaka 1893, mita 74 tu, washa taa. Taabu ya tambarare ni kwamba hakuna mteremko wa kupumzikia, unakanyaga pedeli kutwa nzima huku umekalia kiti kilekile. Siku ya kwanza binamu alikataa kaptula yenye pedi, akasema anaonekana kama amevaa nepi. Siku ya pili alivaa mbili.