Namna ya Kununua Mifuko ya Kuhifadhia Mahindi kwa Pamoja Kutoka Kiwandani

Mkulima wa Kongwa, mkoani Dodoma, anayenunua dukani mfuko mmoja usiopitisha hewa, ule ambao wengi wamezoea kuuita kinga njaa, hulipa pia faida ya msambazaji wa mkoa, ya duka la jumla la wilaya na ya duka la kijijini. Kikundi chetu kimeagiza mifuko hiyo kiwandani kwa misimu kadhaa, nami kama katibu wake ninaeleza hapa utaratibu tunaoufuata pamoja na mahali tulipojikwaa.

Kwa asiyeufahamu, mfuko huu una tabaka tatu, yaani nailoni mbili nzito kwa ndani na kiroba kilichofumwa kwa nje. Ulibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani wakishirikiana na wenzao wa Kameruni, kwa ajili ya kuhifadhi kunde. Huku kwetu umependwa kwa sababu ya dumuzi, mdudu aliyeingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, ambaye kwa ulafi wake wakulima walimpa jina la Scania. Mfuko ukifungwa vizuri, hewa ya oksijeni humwishia ndani naye hufa bila dawa.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu mahitaji, na kazi hii ifanyike mwezi Machi au Aprili, kabla ya mavuno, kwa kuwa ifikapo Juni kila mtu anaitaka mifuko siku hiyohiyo. Usimuulize mwanachama angependa mifuko mingapi. Muulize msimu uliopita alivuna magunia mangapi, aliuza mangapi papo hapo, na mangapi yalivuka Desemba yakiwa ghalani, kwa maana ni hayo ya mwisho yanayohitaji mfuko. Toa pia kwenye hesabu mifuko ya zamani ambayo bado ni mizima, kwani mfuko usiotoboka hutumika tena msimu unaofuata.

Hatua ya pili ni kukokotoa kama safari yenyewe inalipa. Tuchukue mfano wa bei za kubuni: duka linauza mfuko shilingi 5,000, kiwanda kinauza shilingi 3,500, na usafiri pamoja na upakiaji, ushushaji na makato ya benki vinafika shilingi 210,000. Gawanya gharama hizo kwa tofauti ya bei, yaani 1,500, upate 140. Chini ya mifuko 140 mnapata hasara, hata kama bei ya kiwandani inavutia namna gani. Kwa mifuko 100 kila mmoja utawafikia kwa shilingi 5,600, ilhali kwa mifuko 600 utawafikia kwa shilingi 3,850. Ndiyo maana sisi huungana na vikundi vya vijiji jirani, ingawa jambo hilo huongeza vikao na maneno.

Hatua ya tatu ni kuomba profoma, yaani hati ya bei inayotolewa kabla ya malipo, kutoka ofisi ya mauzo ya kiwanda. Iwe na bei ya mfuko kwa idadi mnayotaka, kiwango cha chini cha oda, muda wa kuutoa mzigo, na maelezo kama bei imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Viwanda vingine hukataa oda ndogo na kumwelekeza mnunuzi kwa msambazaji. Hilo likitokea, msikasirike, bali ombeni bei ya jumla kwa huyo msambazaji, kisha rudieni hesabu ya hatua ya pili.

Hatua ya nne ni fedha, na hapa ndipo vikundi vingi huvunjika. Mwaka wa kwanza tuliandika majina na kuagiza kwa kutegemea ahadi. Mzigo ulipofika, baadhi ya wenzetu walikuwa wamepeleka fedha kwenye ada za shule, tukabaki na marobota ambayo mweka hazina alilazimika kulala nayo chumbani hadi Septemba. Tangu hapo jina lisilo na fedha si oda. Kila mwanachama hulipa kidogo kidogo, huandikiwa risiti ya kikundi, na siku ya mwisho ikipita daftari hufungwa, hata kama aliyechelewa ni mwenyekiti. Fedha zikae kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, na malipo yaende kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni lililo sawa na lile la kwenye profoma. Siku moja tulipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa wakala wa kiwanda, akitutaka tutume nusu ya fedha kwenye namba yake ya simu ili atuwekee nafasi. Tulipouliza ofisi ya mauzo, hawakumfahamu. Baada ya kulipa, daini risiti ya mashine ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi.

Hatua ya tano ni usafiri. Malori yanayopeleka mahindi kutoka soko la Kibaigwa kwenda Dar es Salaam mara nyingi hutafuta mzigo wa kurudi nao, na dereva asiyetaka kurudi tupu hukubali nauli ndogo kuliko ya gari la kukodi. Mfuko mtupu ni mwepesi, hivyo mzigo wenu unaweza kupakiwa pamoja na wa mtu mwingine, mradi usiwekwe karibu na misumari, mabati au ndoo za mafuta.

Hatua ya sita ni kupokea. Watu watatu wahesabu kabla ya kutia saini hati ya mzigo. Fungueni mifuko michache kutoka kila robota, mjaze hewa kwenye nailoni, mbane mdomo na kuiminya kwa mikono. Hewa ikivuja, andikeni idadi kwenye hati hiyo mbele ya dereva, kwa sababu lalamiko la wiki inayofuata halina ushahidi. Mifuko igawiwe siku hiyohiyo kwa kufuata daftari.

Wakati wa kugawa, mwonyesheni kila mwanachama kwamba nailoni hufungwa moja baada ya nyingine, na kwamba mahindi lazima yawe makavu. Tikiseni punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu; chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yarudi juani. Tunasisitiza hili kwa sababu anayeozewa na mahindi yake husema kiwanda kimetuuzia mifuko mibovu, na msimu unaofuata hachangii.

Hesabu ya mapato na matumizi isomwe kwenye kikao cha kwanza baada ya mgao, risiti zikiwa mezani, na chenji iliyobaki irudishwe kwa kila mmoja kulingana na idadi ya mifuko aliyolipia.