Kutoka beti na kiitikio hadi lupu: nilivyomvusha mpiga gitaa mmoja

Juzi nilikaa na kijana anayetunga vizuri tu: beti, kiitikio, daraja, mwisho. Kanunua pedali ya lupu, kile kifaa cha kukanyaga kinachorekodi kipande kifupi na kukirudia bila kukoma, na kila akiikanyaga anataka kurekodi wimbo mzima. Tulifanya hivi.

1. Chagua kodi mbili (za gitaa, si za serikali). Am na G zinatosha.

2. Unganisha vyombo, pedali ya lupu iwe ya mwisho kabla ya spika. Kompyuta sishauri. Skrini inakuonyesha vipande, na mtunzi akiona vipande anaanza kuvipanga.

3. Funga lupu: kanyaga kuanza kurekodi kodi zako, kisha kanyaga tena kipande kianze kujirudia. Hapa nilipoteza Jumamosi nzima nikidhani pedali ni mbovu. Kumbe nilikuwa nakanyaga palepale ninapopiga nne ya mwisho, kabla pigo halijakaa muda wake, basi kila mzunguko unachechemea. Hesabu moja-mbili-tatu-nne mara nne, kisha kanyaga kwenye MOJA inayofuata. Kwa kasi ya mapigo 96 kwa dakika, hiyo ni sekunde 10 kamili. Pima kwa simu. Ukipiga chakacha, hesabu hadi sita, mguu bado ni kwenye moja. Angalia pia pedali yako: nyingine ukikanyaga mara ya pili zinacheza tu, nyingine zinaendelea kurekodi juu yake, na kikohozi chako cha gitaa kinabaki humo. Kama ina kitu cha kusahihisha mapigo yenyewe, kizime mpaka mguu ujue kazi. Na vua buti. Mimi hupiga peku. Rudia mara ishirini bila kuongeza kitu.

4. Ongeza tabaka mbili, zisizidi: kiganja kwenye mwili wa gitaa, na nyuzi nene kwa besi. Nyuzi nyembamba ziache tupu, utazihitaji.

5. Sasa piga juu yake dakika tano bila kusimama. Waliokulia kwenye dansi wanaijua hii: ni sebene, ridhimu inazunguka palepale na solo linasema. Kijana wangu alikwama dakika ya kwanza. Nikamwambia achukue noti tatu za kiitikio chake mwenyewe, azipige, anyamaze mzunguko mzima, kisha azijibu. Kile kimya kilimtesa kuliko noti. Mara ya nne akaacha kuniangalia.

6. Usihifadhi. Futa, anza upya kesho.