DD-214 yako imekosa medali? Soma hii kabla hujajaza fomu yoyote

Wakuu, salamu kutoka Texas. Naandika hii manake nimechoka kueleza kitu kimoja kwa simu, kila baada ya wiki mbili hivi kuna Mkenya au Mtanzania aliyetumikia jeshi la Marekani ananipigia, na swali ni lile lile, kaka mbona ile karatasi yangu ya kutokea jeshini, DD-214, haina medali fulani, na mimi nilikuwa huko na wenzangu wote wanayo.

Wacha nianze na jamaa yangu mmoja, mtu wa Kisumu, aliingia jeshini na green card yake akiwa kijana, wakamfanya dereva wa malori, wale wa 88M mnajijua. 2012 akakaa Bagram, kule Afghanistan, miezi tisa. Akatoka 2014, akaingia kwenye trela kama nusu ya sisi tulio huku, mgongo ukaanza kulalamika, akaona bora atafute kazi ya serikali ya kukaa ofisini. Akajaza maombi, akatiki ile sehemu ya pointi 5 za veterani, zile za nyongeza anazopewa aliyetumikia jeshi akiomba kazi ya serikali kuu. Jibu likarudi kwamba pointi hazipo. Jumamosi moja akaja kwangu na bahasha ya kaki iliyokunjwa kunjwa, tukasogeza vikombe vya chai tukaiweka DD-214 mezani. Boksi namba 18 imeandikwa kwa herufi kubwa kabisa kwamba alihudumu Afghanistan, tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi. Haya, panda juu kidogo boksi namba 13, ile ya medali. National Defense Service Medal, Army Service Ribbon, basi. Afghanistan Campaign Medal hakuna! Yaani karatasi moja inajibishana yenyewe kwa yenyewe, na chini kuna sahihi yake mwenyewe amekubali kila kitu kiko sawa.

Nikamuuliza uliisoma kabla ya kusaini? Akacheka. Alikuwa na ndege ya jioni. Na ukweli ni kwamba wengi wetu tulisaini hivyo hivyo, kama mtu anapokea kifurushi mlangoni.

Sasa kwa nini ujisumbue, si ni kipande cha chuma na utepe tu? Kwa mtu wa 2001 mpaka 2010 labda unaweza kupuuza, manake aliyetumikia zaidi ya siku 180 mfululizo na sehemu ya hizo siku iko kati ya 11 Septemba 2001 na 31 Agosti 2010, pointi 5 anazipata kwa tarehe tu. Lakini wewe uliyeingia baada ya hapo, na ndo wengi wa watu wetu hasa wale wa MAVNI, ule mpango wa kuandikisha wahamiaji wenye lugha zinazohitajika ambao Kiswahili kilikuwa kwenye orodha yake, kama VA, idara ya maveterani, haijakutambua una ulemavu basi mlango wako wa pointi ni medali ya kampeni, ile ya kuhudumu kwenye vita fulani kama hiyo ya Afghanistan. Hiyo National Defense haihesabiwi, alipewa kila mtu aliyevaa gwanda mpaka mwisho wa 2022. Na kama ni Purple Heart, medali ya waliojeruhiwa na adui, ndo usiseme, hapo ni pointi 10, ni GI Bill, ile pesa ya masomo, asilimia 100 kwa aliyejeruhiwa baada ya 11 Septemba 2001 hata kama hakumaliza miezi 36, na hospitali za VA wanakuweka kundi la tatu la kipaumbele. Kwa hiyo ule mstari mmoja uliokosekana una pesa ndani yake.

Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kukimbilia ile bodi ya kurekebisha rekodi siku ya kwanza. Amesikia kwa mtu kuna fomu inaitwa DD-149, anaijaza kwa hasira kurasa tatu za malalamiko, anatuma, anangoja mwaka mzima, anarudishiwa barua kwamba hujapita ngazi za chini kwanza. Kwa hiyo kabla ya fomu, jiulize shida yako ni ipi kati ya hizi, manake dawa ni tofauti kabisa.

Shida nyepesi ni ile medali ulipewa, oda ipo, yaani amri ya maandishi ya kukupa medali, cheti unacho kwenye fremu ukutani, ila karani hakuichapa. Au ilikuja umeshaondoka, hii ni ya kila siku, kamanda anasaini ARCOM yako (Army Commendation Medal) mwezi mmoja baada ya wewe kurudisha vifaa. Hapo unahitaji ile oda yenye namba na tarehe, basi. Cheti peke yake wakati mwingine wanakitilia shaka, ila kile cha jeshi la nchi kavu mara nyingi kina namba ya oda pale chini kwa herufi ndogo, itafute.

Ya pili ndo ya jamaa yangu. Hakuna mtu alikataa, hakuna mtu aliandika. Medali za kampeni haziombewi na kamanda, ukitimiza siku umeipata, kwa Afghanistan ni siku 30 mfululizo au 60 za kukusanya. Kinachotakiwa ni uthibitisho wa miguu yako kuwa pale chini. Oda za kupelekwa, ripoti ya tathmini ya kazi ya kipindi kile, fomu ya madai ya safari, na ile LES ya mshahara inayoonyesha ulilipwa pesa ya eneo la hatari, ile isiyozidi dola 225 kwa mwezi. Yeye alikuwa nazo LES! Alikuwa amezihifadhi kwenye flashi diski pamoja na nyimbo za Benga, tukafungua folda moja baada ya nyingine tukizisaka. Angalieni, Good Conduct Medal ya Army haiko kwenye kundi hili japo watu wanadhani inajipa yenyewe ukimaliza miaka mitatu bila kesi. Ile lazima kamanda aikubali na oda itoke.

Ya tatu ndo ngumu, ni pale ulipofanya kitu na hakuna mtu alikupendekeza kabisa. Hapo hakuna kitu cha "kurekebisha" manake hakuna kilichokosewa kwenye karatasi. Inabidi mtu aliyekuwa kwenye mnyororo wa amri au aliyeona kwa macho yake akujazie pendekezo, kwa Army ni fomu ya DA 638, na muda wa kawaida ukiwa umepita pendekezo linapitia kwa mbunge wako wa Kongresi, sheria ipo inaruhusu hivyo, kifungu namba 1130 cha sheria za majeshi. Usiogope kumwandikia mbunge. Sisi tumezoea mbunge ni mtu wa kuomba mchango wa harambee, huku ofisi yake ina karani ambaye kazi yake ni kufuatilia mambo kama haya, na unamjazia fomu ya faragha ya kumruhusu aguse rekodi zako.

Purple Heart iko peke yake. Haipendekezwi kama zawadi, unastahili au hustahili, lakini wanataka vitu vyote vitatu, jeraha, adui ndo kasababisha, na mhudumu wa afya kakutibu na ikaandikwa. Wale mliotikiswa kichwa na bomu la barabarani mkaambiwa kunywa maji rudi kazini, someni hapa vizuri, tangu 2011 wizara ilifafanua kwamba mtikisiko wa ubongo unaweza kuhesabiwa kama masharti yametimia. Kwa hiyo tafuta rekodi ya kliniki ya ile wiki, na barua za wenzako wawili waliokuwa kwenye gari. Barua ya shahidi iseme tarehe, mahali, nani aliketi wapi, aliona nini kwa macho yake, na aisaini. Barua inayosema fulani alikuwa askari mzuri sana na mcha Mungu haisaidii kitu.

Sasa unaanzia wapi. Anza kwa kuomba faili lako lote, usiombe DD-214 tu, andika kabisa unataka faili zima la utumishi, manake medali nyingine zimelala humo ndani na hata wewe umesahau. Unaomba onlaini kwa akaunti ya kuthibitisha utambulisho, au unajaza fomu ya SF-180 unasaini kwa mkono unatuma National Personnel Records Center kule St. Louis, Missouri. Ni bure kwa mwenyewe. Kuna ile habari ya moto wa 12 Julai 1973 ulioteketeza faili milioni 16 mpaka 18 pale pale St. Louis, watu wanaitaja sana, lakini ule uliwagusa hasa wa Army waliotoka kabla ya 1960 na baadhi ya Air Force kabla ya 1964, kwa hiyo labda baba mkwe wako, wewe faili lako ni la kielektroniki na halijaungua popote.

Alafu jina! Hapa ndo watu wetu tunapotea. Ulijiandikisha jeshini ukiwa na majina matatu kama ya pasipoti ya nyumbani, jina la babu likawa ndo la ukoo (surname), siku ya kuapa uraia ukapunguza moja, au dada kaolewa akabadilisha. Maombi yaandike kwa jina lile lile ulilotumikia nalo, weka la sasa pembeni na ambatisha karatasi ya kubadilisha jina. Nimeona ombi limerudi "hakuna rekodi" na rekodi ipo, imekaa chini ya jina la kati.

Ukishakuwa na ushahidi unaandika kwa tawi lako kuomba DD-215, ndo karatasi ya masahihisho. Army wa miaka hii ni Human Resources Command pale Fort Knox, Kentucky, Air Force ni kituo chao cha watumishi San Antonio, Navy ni Millington, Tennessee, Marines ni Quantico, Virginia. Kama ulikuwa National Guard ya jimbo, kuna mambo yanaanzia makao makuu ya Guard ya jimbo lako na una NGB-22 pia ya kuangalia, ndo karatasi ya kutoka Guard, isipokuwa kile kipindi ulichoitwa kazini na serikali kuu ndo kina DD-214. Barua iwe ukurasa mmoja. Sisi tuliandika sentensi nne tu, naomba boksi 13 iongezwe medali hii, boksi 18 ya karatasi hiyo hiyo inaonyesha nilikuwa Afghanistan kuanzia tarehe hii mpaka hii, nimeambatisha LES na oda, nashukuru. Hatukuweka historia ya maisha. Tuma kopi, ya asili ikae kabatini.

Wakikataa, au wakisema hawana mamlaka, sasa ndo unaenda na DD-149 kwa bodi ya tawi lako, na ile barua ya kukataliwa unaiambatisha, ndo tiketi yako. Muda ni miaka mitatu tangu ugundue kosa, ila bodi inaweza kusamehe ukieleza kwa nini umechelewa, kwa hiyo usikate tamaa ukiwa umepitiliza. Jua tu bodi haikufanyii upelelezi. Wanaanza wakiamini jeshi lilifanya sawa, kazi ya kuonyesha kosa ni yako. Na usichanganye na DD-293, ile ni ya kubadilisha aina ya kuachishwa jeshini, kitu kingine kabisa.

Kwa familia, kama veterani amefariki, mjane au mgane ambaye hajaoa wala kuolewa tena, wazazi, watoto na ndugu wa damu wanaweza kuomba, wataonyesha cheti cha kifo. Hata mama akiwa Moshi au Bungoma anaweza, fomu inasafiri kwa posta. Lakini kama mzee wenu alikuwa keya, askari wa King's African Rifles, alipigana Burma upande wa Mwingereza, hiyo St. Louis haimhusu, nishani zake ni za Uingereza na zinaulizwa kwa ofisi ya medali ya wizara yao ya ulinzi. Nimeshaulizwa hili mara mbili ndo maana naliweka.

Pesa. Usimlipe mtu. Kuna watu wanatoza dola mia kadhaa "kushughulikia medali", na wengine ni watu wetu wenyewe wa kanisani. Kaunti karibu zote zina afisa wa kusaidia maveterani, na vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion wanafanya bure hata kama wewe si mwanachama. Na kijana aliyenipigia kuuliza kama anaweza kuongeza mstari mwenyewe kwa kompyuta kisha aprinti, jibu ni hapana, hiyo ni jinai ya serikali kuu, na kwa mtu ambaye bado hajamaliza mambo ya uraia ni kujichimbia kaburi.

DD-215 ya jamaa ilikuja kwa posta ya kawaida, ukurasa mmoja, karibu wote mweupe, boksi 13 ongeza Afghanistan Campaign Medal. Usitarajie DD-214 mpya, hii inakaa pamoja na ile ya zamani na unazitoa zote mbili kila unapoomba kazi, ukitoa moja umerudi mwanzo. Ukienda kuzisajili kwa karani wa kaunti uliza kwanza kama zinakuwa wazi kwa umma, manake namba yako ya soshalo iko pale juu.